Mgeni akisema babu yake alitoka Ireland: maelezo kwa wanaotembeza watu Tanga

Kila anayetembeza wageni Tanga ameshaulizwa. Mgeni anatoa simu, anaonyesha picha ya nishani, anasema: hii ni ya baba wa babu yangu, alitoka Ireland, tumeambiwa alipigana hapa. Mara nyingi jibu hutoka upesi: hapana, hapa walipigana Waingereza, Wahindi na Wajerumani. Mgeni anashukuru, anapiga picha makaburini, anaondoka. Jibu lile ni nusu tu. Kuimalizia nusu ya pili kunataka bando, utulivu wa saa moja hivi, na kujua karatasi zipi zilibaki na zipi ziliungua.

Ni kweli kwamba hakuna kikosi cha Ireland kilichoshuka Raskazone, pwani ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuwanyang'anya Wajerumani mji huu katika vita vya kwanza vya dunia. Batalioni pekee ya jeshi la Uingereza lenyewe ilikuwa ya pili ya Loyal North Lancashire. Waliobaki walikuwa wa Jeshi la India: 13th Rajputs, 61st Pioneers, 63rd Palamcottah Light Infantry, 98th Infantry, 101st Grenadiers, pamoja na Kashmir Rifles na Gwalior waliotolewa na watawala wa majimbo ya huko. Ukisoma orodha hiyo na kufunga daftari, Mwairishi humwoni. Lakini jina la rejimenti halikuwa cheti cha kuzaliwa. Lancashire ulikuwa mkoa uliojaa familia zilizokimbia njaa kuu ya Ireland ya 1845 hadi 1852, na mwandikishaji hakumrudisha kijana kwa sababu baba yake alizaliwa Mayo, Ireland. Maafisa wengi wa Jeshi la India nao walikuwa watoto wa familia za Ireland. Na nje pale, baharini, ilikuwepo manowari HMS Fox, ya jeshi la majini ambalo siku zote lilichukua vijana kutoka bandari za Ireland, hasa upande wa Cork.

Kwa hiyo jibu sahihi kwa mgeni ni: inawezekana, tuangalie karatasi.

Anza na nishani, maana ndiyo kitu ambacho familia nyingi wamekihifadhi. Nishani mbili za kawaida za vita vile ni ya fedha, yenye sura ya Mfalme George V, na ya shaba yenye malaika mwenye mabawa. Usihangaike na sura. Mwambie mgeni apige picha ukingo, ule mzunguko mwembamba wa pembeni, simu ikiwa karibu na mwanga ukitoka upande mmoja ili herufi zitoe kivuli. Pale ndipo palipopigwa muhuri wa namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Kama kuna nishani ya tatu yenye umbo la nyota, maandishi yako mgongoni.

Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza: kikosi kilichoandikwa ukingoni kwa kawaida ni kile alichokuwemo alipoingia vitani mara ya kwanza nje ya nchi. Alihamishwa baadaye? Ukingo haukubadilishwa. Mtu anaweza kuwa na nishani ya Royal Munster Fusiliers na kaburi la kikosi kingine kabisa, na yote mawili yakawa kweli. Wa pili unawachanganya hata wajuzi: nyota yenye mwaka 1914 peke yake ilitolewa kwa waliokuwa Ufaransa na Ubelgiji tu, kati ya 5 Agosti na 22 Novemba 1914. Askari aliyepigwa risasi Tanga tarehe 4 Novemba 1914 alistahili nyota iliyoandikwa 1914-15. Mgeni akikuambia "lakini hii inasema 1915, basi hakuwepo kwenye vita vya Tanga", msahihishe.

Ukishapata namba, nenda kwenye kadi za nishani zilizoko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, kundi la WO 372. Kutafuta jina mtandaoni ni bure. Kwenye kadi kuna nafasi ya uwanja wa vita alioingia kwanza na tarehe. Kwa walioingia kabla ya mwisho wa 1915, namba 4 ni Afrika, na 4a ni Afrika Mashariki. Walioingia 1916 na kuendelea, nafasi hiyo mara nyingi ni tupu, kwa sababu ilijazwa kwa ajili ya kugawa nyota, na wao hawakustahili nyota. Utupu huo haumaanishi kwamba hakwenda popote.

Baada ya kadi, mgeni atataka faili lenyewe: lini aliandikishwa, urefu wake, nani alikuwa mkewe. Mpe matarajio ya kweli. Faili za askari wa kawaida wa vita vya kwanza zilikuwa kwenye ghala moja London lililopigwa bomu Septemba 1940, na karibu asilimia 60 ziliteketea. Zilizobaki ziko kundi la WO 363, nyingine zikiwa na kingo nyeusi na madoa ya maji ya zimamoto. Kundi la WO 364, la waliolipwa pensheni, halikuwa kwenye moto ule. Maafisa wana bahati zaidi: WO 339 na WO 374 kwa jeshi la Uingereza, na kwa maafisa wa Jeshi la India karatasi ziko British Library, kundi la L/MIL/14. Mabaharia ndio wenye raha kuliko wote. Kundi la ADM 188 linaandika tarehe na mahali pa kuzaliwa, meli kwa meli, kwa mwandiko wa karani unaosomeka. Kwa hiyo kama mgeni anadhani babu yake alikuwa Fox, au Pegasus iliyozamishwa Zanzibar na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914, pengine mtamaliza kazi kabla chai haijapoa.

Kama faili liliungua na askari alifia vitani, bado ipo njia, na ndiyo inayofichua Waairishi waliomo kwenye vikosi vya Kiingereza. Jeshi lilichapisha mwaka 1921 orodha ya waliokufa, kikosi kwa kikosi, na kwa askari wa kawaida waliandika mahali pa kuzaliwa, alipoishi na alipoandikishwa. Chukua Loyal North Lancashire, chagua waliofia Afrika Mashariki, kisha pita kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa. Kwa maafisa orodha hiyo haina mahali pa kuzaliwa, hivyo usipoteze muda.

Yapo pia majuzuu yenye kumbukumbu za waliokufa wa Ireland, yaliyochapishwa Dublin 1923, nakala 100 tu, kurasa zikiwa zimepambwa na msanii Harry Clarke. Yana majina zaidi ya 49,000, na siku hizi yanasomeka mtandaoni. Ni mazuri mno kwa macho na ni ya hatari kwa mtafiti asiye mwangalifu. Waliingizwa watu wa rejimenti za Ireland hata kama walizaliwa London au Liverpool, na Waairishi wengi waliokuwa kwenye vikosi vingine wakaachwa. Jina kuwemo si uthibitisho, na jina kukosekana si uthibitisho pia. Mimi huyatumia mwisho, kupata tahajia nyingine ya jina tu.

Kuhusu majina yenyewe, usitafute kwa jina peke yake. Patrick Murphy na John Kelly ni wengi kuliko Juma na Hamisi wa Ngamiani. Namba nayo haitoshi peke yake, kwa kuwa hadi 1920 kila rejimenti ilitoa namba zake, na namba ileile ilikuwa na watu kadhaa. Kinachomtambulisha mtu ni namba pamoja na rejimenti. Jaribu jina bila O' na likiwa nayo, Mc na Mac, herufi moja na mbili. Na umri wa kwenye karatasi za jeshi uchukulie kama madai tu: walitakiwa miaka 18 kuandikishwa na 19 kwenda vitani nje, na vijana wa miaka 16 walijua hesabu hiyo vizuri.

Sasa tuseme nishani au jiwe la kaburi linaonyesha kikosi cha Ireland hasa. Mwaka 1914 rejimenti za miguu za Ireland zilikuwa nane, ukiacha Irish Guards iliyoundwa 1900, na kila moja ilichota watu kwenye eneo lake. Royal Munster Fusiliers makao yake yalikuwa Tralee: Kerry, Cork, Limerick, Clare. Royal Dublin Fusiliers walikuwa Naas. Connaught Rangers Galway, kwa watu wa magharibi. Leinster Regiment walikuwa Birr, Royal Irish Regiment Clonmel. Kaskazini kulikuwa na Royal Inniskilling Fusiliers wa Omagh, Royal Irish Fusiliers wa Armagh na Royal Irish Rifles wa Belfast. Ukijua makao, umeshajua takriban kaunti ya kuanzia, ingawa vita vilipokolea waliletewa yeyote aliyepatikana.

Beji husaidia pale ambapo picha ni ya zamani na maandishi yamefutika. Kinubi chenye taji juu yake huvaliwa na zaidi ya kikosi kimoja, hivyo kinubi peke yake hakikupeleki mbali. Guruneti linalotoa moto lenye chuimilia ndani yake ni Munster. Likiwa na chuimilia na tembo, ni Dublin. Likiwa na ngome, ni Inniskilling. Manyoya matatu ya mbuni ndani ya taji dogo ni Leinster, ila zipo rejimenti za Wales na Uingereza zinazovaa manyoya hayohayo, kwa hiyo soma utepe wa chini. Mgeni akishangaa chuimilia na tembo wanatafuta nini kwenye kofia ya mtu wa Dublin, sababu ni India: vikosi hivyo viwili, Munster na Dublin, vilitokana na wanajeshi wa Kizungu wa Kampuni ya India Mashariki huko Bengal, Madras na Bombay, na vilipewa majina ya Ireland mwaka 1881.

Tarehe ya kifo nayo ina maneno yake, hapa kwetu hasa. Fox ilifika tarehe 2 Novemba na nahodha wake, Caulfeild, akawaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutopigana yamevunjwa. Usiku huo wakaanza kushuka Raskazone. Tarehe 3 Rajputs na Pioneers walijaribu kuingia mjini wakarudishwa. Shambulio kubwa lilikuwa tarehe 4, na tarehe 5 walipanda meli wakaondoka, wakiacha bunduki kwa mamia na risasi zisizopungua nusu milioni. Basi jiwe la tarehe 3 na jiwe la tarehe 4 si hadithi moja. Mtu wa Loyal North Lancashire wa tarehe 4 huenda alifika hadi mitaa ya mji, maana wao na Kashmir Rifles ndio waliopigana nyumba kwa nyumba upande wa bandarini.

Nyuki waliowavamia askari kwenye vita vile najua mtawataja, hakuna asiyewataja. Walikuwepo kweli na waliuma pande zote mbili. Ila ile habari kwamba Wajerumani waliwatega kwa nyaya kwenye mizinga ya nyuki ni maneno ya magazeti ya Uingereza, yaliyotafuta sababu ya aibu. Kilichowashinda Waingereza ni makompania ya Wajerumani yaliyoletwa kwa reli ya Usambara kutoka Moshi, muda ambao Aitken, jenerali wa Uingereza, aliwapa bila kujua, na kutotuma watu kupeleleza mji mapema. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama elfu moja dhidi ya elfu nane.

Jiwe lenye tarehe isiyolingana na vita yoyote lisikusumbue. Tanga iliingia mikononi mwa Waingereza 7 Julai 1916 na Bagamoyo 15 Agosti 1916, Bagamoyo kwa nguvu ya meli na wanamaji, kwa hiyo wa siku ile watafute kwenye karatasi za majini. Baada ya hapo malaria na kuhara damu viliua kuliko risasi, mwezi hadi mwezi, na vifo hivyo havina jina la vita.

Na hapa niseme moja linaloniuma. Praiveti wa Lancashire aliyezaliwa Sligo, Ireland, utampata kwa saa moja. Mpagazi wa Pangani au Korogwe aliyebeba masanduku ya praiveti huyo, na akafia njiani, humpati. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mgeni akiwa mbele ya safu zile nyeupe zilizofyekwa vizuri, mwambie na hilo. Hutamharibia safari.

Upande wa Ireland wenyewe kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sensa ya 1901 na ya 1911 zimewekwa mtandaoni bure na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Ireland, na fomu zenyewe zinaonekana, zikiwa na mwandiko wa mkuu wa kaya: dini, kujua kusoma, lugha, kazi. Safu ya dini ndiyo itakayokutenganishia Murphy mmoja na mwingine. Rejista za waliozaliwa kuanzia 1864 nazo zipo bure. Zaidi ya hapo nyuma kuna ukungu: jengo la kumbukumbu la Dublin liliungua Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sensa za kale zikaenda na moto.

Ajabu moja ya sensa hizo: wazee walizeeka haraka mno. Bibi aliyejiandika miaka 56 mwaka 1901 anaweza kuwa na 70 mwaka 1911. Hakuna uchawi. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa wenye miaka 70, na waliozaliwa kabla ya 1864 wengi hawakuwa na cheti cha kuwaumbua. Usimkatae mtu kwa sababu umri wa mama yake haujumuliki.

Majina ya mahali yamebadilika kama Wilhelmstal ilivyogeuka kuwa Lushoto. Queenstown ni Cobh ya leo, Kingstown ni Dún Laoghaire, Maryborough ni Portlaoise, Parsonstown ni Birr. King's County ni Offaly na Queen's County ni Laois. Ramani ya simu haitakuonyesha majina ya kale, na wageni wenyewe wengine, waliozaliwa Marekani au Australia, hawayajui.

Askari aliyerudi nyumbani salama anaweza kuwa na faili la pili, na hili familia nyingi hawalitegemei. Wapo waliovua sare ya mfalme wakaingia kupigana na serikali yake. Tom Barry alikuwa mpiga mizinga wa Uingereza huko Mesopotamia, na Novemba 1920 ndiye aliyeongoza shambulio la kuvizia la Kilmichael. Emmet Dalton alipata nishani ya ushujaa na Royal Dublin Fusiliers mwaka 1916, kisha akawa mkufunzi wa IRA, jeshi la wapigania uhuru wa Ireland, na alikuwa kwenye msafara na kiongozi wao wa zamani Michael Collins siku Collins alipouawa, 22 Agosti 1922. Mwaka huohuo wa 1922 rejimenti tano za miguu za kusini zilivunjwa. Karatasi za upande huu ziko Hifadhi ya Nyaraka za Jeshi la Ireland, kambi ya Cathal Brugha, Dublin: maombi ya pensheni ya wapiganaji chini ya sheria za 1924 na 1934, sensa ya jeshi ya Novemba 1922, na ushahidi wa watu 1,773 uliokusanywa kuanzia 1947. Ombi lililokataliwa mara nyingi ni nene kuliko lililokubaliwa, kwa kuwa mwombaji alilazimika kuleta mashahidi na barua. Tafuta jina kwa Kiingereza na kwa Kiairishi pia, maana Murphy anaweza kuwa Ó Murchú.

Kuna mgeni wa aina nyingine, kijana zaidi, ambaye babu yake alikuwa Kongo. Kati ya 1960 na 1964 Ireland ilipeleka wanajeshi zaidi ya 6,000 chini ya Umoja wa Mataifa, 26 walifariki. Niemba, ambako doria ya watu 11 ilishambuliwa 8 Novemba 1960 na tisa wakauawa, iko upande wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma. Karatasi zao zinatumia majina ya Wabelgiji, kwa hiyo Albertville isome Kalemie, Elisabethville Lubumbashi, Jadotville Likasi. Jadotville ndiko kombania moja ya watu zaidi ya 150 chini ya Pat Quinlan ilizingirwa Septemba 1961, ikapelekewa maji kwa helikopta kwenye madebe yaliyokuwa na mabaki ya petroli, ikajisalimisha bila kupoteza mtu hata mmoja, na ikanyamaziwa miaka mingi hadi nishani zikatolewa 2017.

Faili binafsi za hawa hupewa askari mwenyewe au jamaa wa karibu aliyejithibitisha, hivyo barua iandikwe na mgeni, si na wewe. Mwandikie tu cha kutaja: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya jeshi, na namba ya batalioni. Akikumbuka batalioni peke yake, bado mna pa kushika: 32 na 33 zilikwenda 1960, na doria ya Niemba ilikuwa ya 33, kombania ya Jadotville ilikuwa ya 35, waliopigana Elisabethville Desemba 1961 tafuta kwenye 36.